Jibu Lililopelekwa Nairobi

Barua ya onyo bado ninayo. Ilikuja kwa barua pepe, nembo ya kampuni juu na sahihi mbili chini, na nilitakiwa niichapishe, niitie sahihi kwa kalamu, niipige picha na kuirudisha kabla ya saa kumi na moja jioni. Sina printa nyumbani. Nilivaa gambuti, nikapanda matope hadi madukani Kabianga, nikapanga foleni na wanafunzi wa chuo waliokuwa wakichapisha kazi zao za muhula, nikachapisha aibu yangu huku binti wa duka akiisoma inavyotoka kwenye mashine. Aliniambia pole. Nilimkasirikia hata yeye, maskini, na hakuwa amenikosea lolote.

Kosa langu, kwa mujibu wa barua hiyo, lilikuwa kubadilisha njia za mtandao katika kifaa cha kampuni, kwa makusudi na bila idhini. Nilibadilisha, ndiyo. Kwa makusudi, ndiyo. Lakini hilo neno idhini lilinipandisha damu kichwani, kwa sababu idhini niliiomba mara tatu, na nina ushahidi wa mara zote tatu.

Kazi yangu ni kuchunga seva za watu. Kampuni iko Nairobi, na walipoamua kupunguza ofisi zao mjini walituambia anayetaka kufanyia kazi nyumbani aende. Nilikuwa wa kwanza kufungasha. Nikarudi kwetu na mke wangu na watoto, nikapachika dishi la mtandao juu ya mabati, meza nikaiweka chumba cha mbele penye dirisha. Majani chai yetu yanaanzia nyuma ya choo na kuteremka mpaka mtoni, na asubuhi nyingi siyaoni kwa ukungu. Kazi yenyewe ni ya kusikiliza. Wateja wana mashine zao kila pembe ya nchi, na mashine ikizidiwa, kompyuta yangu hulia. Seva ya ghala fulani Mombasa ikipiga chafya, mimi huku na sweta zangu mbili nimesikia kabla mwenyewe hajajua. Nilikuwa naringa nalo jambo hilo. Siku hizi silisemi mbele ya watu.

Nyumba ya mama iko hatua thelathini kutoka dirisha langu. Ni mjane, na mguu wake wa kushoto haumtii tangu alipopata kiharusi. Watu wa mjini huniuliza kwa nini asihamie kwangu nikamaliza maneno. Kwetu mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mwana akishapita jandoni haingii tena chumba anacholala mama yake. Hatujawahi kukaa chini kulijadili hilo, wala sijamsikia mtu akilijadili. Kwa hiyo kumwinua kitandani, kumpeleka kuoga na kumvisha zilikuwa kazi za mke wangu, na mke wangu asubuhi yuko ndani ya majani, kikapu mgongoni, mpaka apeleke mzigo kwenye kituo cha kununulia chai mchana. Nilichohitaji mimi ni kujua mama anamtaka saa ngapi, nimpigie simu apande.

Mke wangu alikuwa na wazo rahisi. Alitoa stoo ile kengele ambayo marehemu baba alikuwa akimvisha fahali wake, akaifuta vumbi, akampelekea mama. Mama aliigeuzageuza mkononi, akasema, "Mkishanifunga hii, dipu ya ng'ombe mtanipeleka lini?"

Wazo la kengele likafia hapo. Na kupiga kelele nako hapana. Hili lazima nilieleze, kwa sababu ndilo lililotuumiza. Kwetu mwanamke hapigi nduru ovyo. Nduru ni ya mauti, ya moto, ya mwizi wa ng'ombe. Ikisikika, kila mtu mlimani huacha alichoshika, awe anachuma, anakamua au yuko kwenye maombi, akaja mbio, na wanaume wakija wanakuja na rungu. Mama aliyepiga nduru kwa sababu ya jambo dogo huongelewa hata na wajukuu wa majirani. Mama yangu alipiga nduru mara moja tu ambayo mimi naijua, asubuhi baba alipofariki.

Basi nikajitia ufundi. Niliagiza kitufe kidogo, ukubwa wa kizibo cha soda, kinachoning'inia shingoni kwa kamba. Mtu akikibonyeza, kinatuma habari kwa mtandao wa nyumbani mpaka kwenye kompyuta, na kompyuta inalia ndani ya hedifoni ninazovaa kutwa nzima. Nilikifunga Jumapili baada ya kanisa. Mama alibonyeza, nikatokea mlangoni. Akacheka, akabonyeza tena, nikatokea tena. Alinitoa hivyo mara nne, kisha akamwambia mke wangu kwamba hata marehemu hakuwahi kumjia upesi namna hiyo.

Jumatatu asubuhi niliunganisha VPN ya kazi, na kitufe kikawa bubu.

Asiyependa mambo ya kompyuta anivumilie kidogo hapa. Kila kompyuta ina orodha yake ya njia: ukitaka kwenda huku, pitia hapa. Yangu, kabla sijaanza kazi, ilijua kwamba vitu vya nyumbani viko papa hapa, na vingine vyote vya dunia vinapitia kwenye rauta. VPN ni bomba la siri kutoka mezani pangu hadi ofisini, na bila bomba hilo siwezi kuzifikia seva za wateja. Bomba linaweza kufungwa kwa namna mbili. Unaweza kuliambia libebe mambo ya ofisi tu, ya nyumbani yabaki nyumbani. Au unaweza kuliamuru limeze kila kitu. Kampuni yangu ilichagua kila kitu. Nikiunganisha tu, VPN inakuja na orodha yake, inaiweka juu ya yangu, na kila njia inaelekea Nairobi, hata ile ya kwenda kwa mama hatua thelathini.

Kitufe chenyewe hakikuwa na tatizo. Kilibisha hodi kama kawaida, na kompyuta ikaisikia hodi, ikajibu karibu. Lakini jibu lilifuata orodha mpya, likaenda zake Nairobi, na kitufe kikangoja nje mpaka kikakata tamaa. Juu ya hayo, ofisi ilikuwa inatumia namba zilezile za mtandao ambazo rauta yangu ilikuja nazo kutoka dukani, namba ambazo nadhani ziko katika nusu ya nyumba za Kenya. Nilipoandika namba ya kitufe cha mama ili nione kina shida gani, ulifunguka ukurasa wa printa ya ghorofa ya tatu, ikilalamika kwamba wino umekwisha. Siku hiyo nilicheka. Nilimwita mke wangu aje aone, nikamwambia huyu ndiye mama mkwe wako wa ofisini.

Mimi ni mtu wa utaratibu, na wanaonijua watakubali. Nilifungua tiketi, kama tunavyoliita ombi la msaada, kwa kitengo cha usalama wa mitambo, nikaeleza kila kitu, nikaomba kitu kimoja: namba hii moja iachwe ipite nyumbani. Baada ya siku nne tiketi ilifungwa na neno moja, Imetatuliwa. Nilijaribu kitufe. Hakikulia. Nikafungua ya pili, nikaambiwa nizime kompyuta na kuiwasha tena, na kabla sijaiwasha ikawa Imetatuliwa. Ya tatu niliandika kwa adabu kubwa zaidi, nikataja kiharusi, nikataja mguu. Jibu likaja kwamba kufikia vifaa vya nyumbani wakati wa kazi hakuruhusiwi na sera ya kampuni. Imetatuliwa. Nilikaa nikilitazama neno hilo. Nilitaka nimwone huyo mtu anayelibonyeza, nimuulize kwa utulivu kabisa, imetatuliwa kwa nani?

Nikafanya mwenyewe. Ni mstari mmoja tu, unaoandikwa kwa muda wa kupiga chafya: namba hii moja, ya kitufe, ipitie mtandao wa nyumbani. Kanuni ya njia za mtandao ni kwamba inayotaja kitu kimoja hasa huishinda inayotaja vitu vyote kwa jumla. VPN ilisema vyote viende Nairobi, mimi nikasema isipokuwa hiki. Sikugusa seva ya mtu. Sikufungua faili ya mtu. Ningeweza kuapa kanisani, mbele ya mchungaji na kwaya.

Tukakaa kwa amani miezi miwili. Nikiwa kwenye mkutano kengele inalia sikioni, nampigia mke wangu, naye anapanda kutoka chini, matope mpaka magotini, plastiki yake ya kuchumia ikiwa bado kiunoni, anaingia kwa mama. Wakubwa wangu hawakujua chochote na kazi yao haikuharibika hata siku moja. Ukiniuliza, mtu anayejua mama yake yuko salama hufanya kazi vizuri kuliko anayechungulia dirishani kila dakika.

Kisha siku moja VPN ilikatika yenyewe, ikakataa kurudi, na simu ikaita. Alikuwa kijana wa kitengo cha usalama, ambaye sijawahi kumwona ana kwa ana mpaka leo.

"Umeweka route yako kwa laptop ya kampuni," alisema. "Hiyo ni kama kufungua mlango wa nyuma, boss."

"Ni kitufe cha mama yangu. Ni mgonjwa. Niliwaandikia mara tatu."

"Naelewa. Lakini system haijui mama. Inaona tu kitu haiko kwa policy."

"Sasa wewe umejua. Iambie."

"Hiyo si kazi yangu, boss. Kila mtu akianza kuweka ya mama yake, tutafika wapi?"

"Mama yako wewe yuko wapi?"

"Tusiingize mambo ya personal," akasema.

Sisemi hofu yao ni ya bure. Nimeona ofisi ikifungwa wiki nzima kwa sababu kompyuta moja ya nyumbani iliingiza uchafu kwenye mtandao wa kampuni, na nisingependa liwe kosa langu. Lakini mtu anayelinda nyumba hutazama anayepita mlangoni. Huyu hakutaka kutazama. Kwake yeye mwizi, mgeni na ajuza mwenye fimbo walikuwa kitu kimoja, mstari usio kwenye orodha, na mstari hufutwa.

Barua ikaja. Kosa la pili, ilisema, ni kufukuzwa. Mke wangu aliisoma mara mbili, akakumbuka karo, akakumbuka kwamba bima inayomlipia mama dawa ni ya kampuni hiyohiyo, akasema, "Baba Watoto, toa tu." Nikautoa ule mstari kwa vidole hivi hivi vyangu. Ningependa kuandika kwamba nilipigana nao. Sikupigana. Niliahidi kwa sahihi kwamba sitarudia, nikakihamishia kitufe kwenye simu yangu, mlio ukawa unatoka huko.

"Na siku ukizima sauti?" mke wangu aliuliza.

"Sitazima," nikamjibu.

Wiki ya tatu baada ya hapo tuliitwa mafunzo ya lazima kwa mtandao, wafanyakazi wote, kuanzia saa nne asubuhi. Mada ilikuwa usalama. Kamera ziwe wazi, tuliagizwa, na simu zizimwe sauti na kulazwa kifudifudi juu ya meza mahali zinapoonekana. Mwendeshaji alipitia nyuso zetu moja baada ya nyingine akihakikisha, kama tuko darasa la tatu. Akafika kwangu. "Simu," akasema. Nilikuwa na barua ya onyo ndani ya faili, wino haujakauka. Nikaizima sauti, nikailaza. Nilijiambia mama ameshakunywa chai, mke wangu amemwacha ameketi vizuri, na mafunzo yenyewe si ya siku nzima.

Karibu saa tano walionyesha picha ya mwizi akiingia nyumba kwa mlango wa jikoni. "Tuna colleague mmoja huko mashinani," mwendeshaji akasema, "aliona VPN inamsumbua, akajitengenezea njia yake. Kwa sababu ya nini? Ati kengele." Watu wakacheka. Nilimwona kijana ambaye tuliajiriwa siku moja akicheka mpaka akafuta macho. Mimi nilikaa na uso unaowaka, kamera wazi, nikijaribu kuonekana kama mtu anayejifunza. Mwishoni tulipewa maswali kumi, na nilipata yote. Cheti kilikuja kabla hata hawajatuaga, kisha tukabakizwa tena kwa maswali na majibu ya watu wanaopenda kusikika, mpaka ikagonga saa saba.

Mke wangu hakupiga nduru. Alikuja dirishani, akapiga kioo kwa kiganja, na nilipovua hedifoni akasema kwa sauti ya chini sana, akimtaja mama kwa jina wanalomwita wajukuu wake, "Toka. Kogo ameanguka."

Niliibeba simu nikikimbia. Kioo kizima kilikuwa kimejaa alama za kengele, moja juu ya nyingine, na ya kwanza ilikuwa ya saa nne na robo.

Alikuwa sakafuni kati ya kitanda na ukuta, mguu mmoja umekaa kwa namna ambayo mguu haukai. Alikuwa ameinuka kwenda choo akashindwa, na gauni lilikuwa limelowa. Kitufe kilikuwa ndani ya ngumi yake. Aliponiona nimesimama kwenye kizingiti cha chumba chake alisema kwa lugha yetu, bila kunitazama, "Usiingie. Mwiteni mama wa jirani."

Asubuhi ile nilikuwa nimeshatii vya kutosha. Nikaingia. Nilivuta blanketi kitandani nikamfunika, nikapitisha mikono chini yake pamoja na mke wangu, na wakati wote huo mama aliugeuzia ukuta uso wake. Hilo la kuingia hatujaliongelea mimi na yeye hata mara moja.

Nimelelewa kwa methali kama kila mtu. Shuleni tuliandikiwa ubaoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tukainakili kwa hati nzuri. Mimi la mkuu nililisikia, nikalitia na sahihi, nikapata na cheti, na aliyevunjika ni mama yangu. Sijui ni nani wa kumrudishia methali hiyo, lakini ningependa irudishwe.

Jirani alitoa pikapu yake ya kubebea maziwa, tukatandika godoro nyuma, tukamshikilia mpaka hospitalini Kericho. Ilikuwa nyonga. Daktari alitueleza vizuri, akatuonyesha picha, akasema mfupa wa umri ule unahitaji chuma na subira. Jioni, dawa ya maumivu ilipomtuliza na wageni wa vitanda vingine walipoanza kutoka, nilivuta kiti nikamuuliza.

"Mama, kwa nini hukupiga nduru? Watu walikuwa wamejaa pale chini kwenye majani."

"Nduru ya nini? Kwani nani alikufa?"

"Saa tatu nzima, mama."

"Nilikuwa nabonyeza," alisema. "Nilijua umesikia. Nikasema, yuko na wakubwa wake, akimaliza atakuja."

Nilitoka nikasimama karibu na mfereji wa kunawia mikono, nikafungua maji ili watu wadhani nanawa. Angenilaumu ningejua pa kushika. Lakini alikuwa amelala kwenye saruji baridi, amevunjika, na kazi aliyokuwa akiifanya saa zote hizo ilikuwa kunitetea. Mwanamke aliyekulia kwenye kambi za shamba kubwa la chai, ambako karani akiwa na mzungu ofisini hakuna anayegonga, aliamini kwamba hodi yake imefika na kwamba mwanawe ana sababu.

Ofisi iliniandikia pole. Ilikuwa pole ndefu, yenye kumtakia mama afueni ya haraka, na katikati ya pole hiyo kulikuwa na kiungo cha fomu ya kuomba ruhusa maalumu. Fomu. Ilikuwapo siku zote. Tiketi tatu, simu moja, barua moja, na hakuna hata mtu mmoja aliyefungua mdomo kuniambia kuna fomu. Niliijaza nikiwa kwenye benchi ya wodi, na kesho yake kabla ya adhuhuri ilikuwa imekubaliwa. Kijana yule wa usalama alinipigia mwenyewe nikiwa nimerudi mezani kwangu, sauti yake imepungua sana, akanionyesha kwenye kioo anachokifanya. Alitia alama kwenye kisanduku kimoja.

"Jaribu sasa," akasema. "Imekubali?"

"Imekubali. Hicho kisanduku kimekuwa hapo tangu lini?"

"Imekuwa tu hapo," akasema. "Pole, boss. Kweli pole."

Maneno yaliyokuwa mdomoni mwangu yangenitoa kazini, na chuma cha mama kilikuwa kinalipiwa na bima yao. Kwa hiyo nilimeza. Mwenye nguvu mpishe, watu husema, na husema kana kwamba kumpisha hakugharimu kitu.

Mama alirudi nyumbani baada ya wiki tano, akitembelea fremu ya chuma yenye miguu minne. Nilikuwa nimebadilisha namba zote za mtandao wa nyumbani zisigongane tena na printa ya mtu yeyote. Nilijaribu kitufe na VPN ikiwa imeunganishwa, nikakijaribu nikiwa mkutanoni, nikamtuma mke wangu akibonyeze akiwa jikoni, akiwa uani, akiwa nyuma ya zizi. Kililia kila mara. Nikamvisha mama shingoni mwenyewe, nikarudi mezani kwangu, nikaanza kazi.

Siku ya kwanza hakikulia, nikasema ana nafuu. Siku ya pili hakikulia. Siku ya tatu nilifungua ukurasa wake, nikakuta betri imejaa na njia iko sawasawa, orodha ni safi, kila mstari mahali pake. Nilikuwa bado naitazama orodha hiyo, mtu wa Nairobi akieleza jambo masikioni mwangu, nilipoinua macho nikamwona mama nje. Alikuwa peke yake. Mkono mmoja ulikuwa kwenye fremu na mwingine umeushika ukuta, na miguu ya fremu ilikuwa ikizama kwenye matope kila akiisogeza. Alikuwa anaelekea chooni.

Nilivua hedifoni mkutano ukiendelea, nikatoka.

"Mama, kitufe kimeharibika?"

"Hakijaharibika."

"Mbona huniiti?"

Alipumzika kidogo akiwa ameegemea fremu. Kitufe kilikuwa shingoni, ndani ya sweta.

"Nilimuuliza mkeo siku ile ilikuwaje," alisema. "Akaniambia uliandikiwa barua kwa sababu ya hiki kitu. Mtu hapotezi kazi kwa sababu ya kumpeleka mama yake choo."

"Yaliisha hayo. Wamekubali sasa, mama. Wameandika."

"Hata ile barua ya kwanza waliiandika," alisema, akanisogeza kwa kiwiko kutoka mbele ya fremu yake, akanipita.